Kaskazini Mashariki: Majengo yapo, wahudumu wako wapi?

JUMATATU, Januari 13, 2020, wavamizi walishambulia Kamuthe katika Kaunti ya Garissa na kuwaua walimu watatu. Wiki chache baadaye, Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu za usalama.

Madarasa hayakuhama. Yalibaki yamesimama, kuta zimepakwa rangi, paa la mabati liking'aa juani. Kilichokosekana ni mtu wa kushika chaki.

Tukio hilo lilifichua jambo ambalo limekuwa likijificha nyuma ya sherehe za uzinduzi kwa miaka mingi. Katika eneo hilo la Kenya, mbunge hupimwa kwa majengo aliyoyasimamisha: madarasa mangapi, zahanati ngapi, visima vingapi. Ni mara chache anapoulizwa iwapo milango ya majengo hayo hufunguliwa asubuhi, na ni nani anayeifungua.

Jengo na huduma ni vitu viwili tofauti. Jengo laweza kupatikana kwa fedha za mwaka mmoja. Huduma huhitaji mtu aliyefunzwa, anayelipwa kila mwezi, mwenye dawa au vitabu mkononi, na asiyehofia maisha yake usiku. Sheria za Kenya zimewapa wabunge uwezo mkubwa juu ya jengo na uwezo mdogo sana juu ya huduma. Hapo ndipo uwakilishi wa maeneo ya mashambani kama Garissa hukwama.

Ili kuelewa kwa nini majengo yalipata uzito huo wote, ni lazima kurejea nyuma. Kenya ilipopata uhuru, eneo hilo lililojulikana kama Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilikuwa katika mzozo wa kutaka kujiunga na Somalia. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963. Vita vya Shifta vilimalizika mwaka wa 1967, lakini hali hiyo ya hatari haikuondolewa hadi mwaka wa 1991. Kwa karibu miaka 30 mkazi wa Garissa aliijua serikali kwanza kama askari na kizuizi cha barabarani, kisha, kama bahati ilikuwepo, kama mwalimu au daktari.

Sera ya uchumi nayo ilichangia. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, kwa kuwa huko ndiko zingezaa haraka. Kwa kipimo hicho, nchi ya wafugaji haikuwa na lake. Penye barabara paliongezwa barabara, na pasipokuwa nayo pakabaki hivyo hivyo.

Haikuwa kwamba eneo hilo lilikosa watu wenye sauti. Hussein Maalim Mohamed aliingia katika baraza la mawaziri mwaka wa 1983. Yusuf Haji, mbunge wa Ijara, alikuwa waziri wa ulinzi kuanzia 2008 hadi 2013, wakati ambapo Farah Maalim wa Lagdera alikuwa naibu wa spika. Aden Duale alikuwa kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa kuanzia 2013 hadi 2020. Garissa imekaa karibu na meza kuu kwa muda mrefu. Lakini ukaribu wa mtu mmoja na meza hiyo haujatosha kuziba pengo lililochimbwa na sera ya miongo mingi.

Ndiyo sababu mwaka wa 2003 ulipokelewa kwa matumaini. Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, maarufu kama CDF, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu za fedha hizo ziligawanywa sawasawa kati ya maeneo bunge yote 210, na robo iliyobaki ikafuata kiwango cha umaskini. Kwa mara ya kwanza, mbunge wa Fafi au wa Wajir Kaskazini hakuhitaji kubisha mlango wa waziri ili darasa lijengwe. Fedha zilikuja kwa mujibu wa sheria, si kwa hisani.

Si haki kubeza yaliyotendeka. Shule zilisogezwa karibu na watoto. Vituo vya afya vilipanda mahali ambapo mama mjamzito alikuwa akibebwa kwa ngamia au punda kwa siku nzima. Mwaka huo huo wa 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure, na madarasa mapya yakawapokea watoto ambao wasingeiona shule kamwe.

Hata hivyo, hazina hiyo ilikuwa ya kujenga, si ya kuajiri. Mshahara wa muuguzi ulibaki katika wizara ya afya na wa mwalimu ukabaki TSC. Kamati ya eneo bunge iliweza kuamua zahanati isimame wapi, lakini haikuweza kuamua ni lini muuguzi angefika. Katika sehemu nyingi za Kenya zahanati zilimalizika, zikafungwa kwa kufuli, na zikasubiri wafanyakazi kwa miaka.

Serikali iliyaona hayo. Katika mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka wa 2009, iliamua kuajiri wauguzi 20 katika kila eneo bunge. Ulikuwa uamuzi mzuri, lakini hesabu yake ilikuwa na kasoro ile ile ya kugawa sawasawa vitu visivyolingana. Mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki una takribani kilomita za mraba 127,000, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya ardhi yote ya Kenya. Wakati huo ulikuwa na wabunge 11 pekee, yaani kila mmoja na wastani wa kilomita za mraba zaidi ya 11,000. Wajir peke yake ni pana kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Wauguzi 20 katika eneo bunge la Nairobi wanaweza kufikiwa na mgonjwa kwa miguu. Wauguzi 20 katika Lagdera ya wakati huo walikuwa kama chumvi iliyotupwa baharini. Usawa wa mgao haukuwa usawa wa huduma.

Katiba ya 2010 na mipaka mipya ya 2012 ziliongeza viti. Garissa ilitoka maeneo bunge manne hadi sita: Garissa Mjini, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara. Kaunti zote tatu zilifikisha wabunge 18 kati ya 290. Sauti bungeni ziliongezeka na hazina za ujenzi zikaongezeka pamoja nazo. Idadi ya walimu na wauguzi walio tayari kufanya kazi huko haikuongezeka kwa kasi hiyo.

Matokeo yake ni kitendawili. Kila ukoo na kila kijiji kipya hudai shule yake, na mwanasiasa anayetafuta kura huona vigumu kukataa. Shule moja yenye walimu sita huzaa shule tatu zenye walimu wawili wawili. Takwimu za majengo hupanda, huku kila mtoto akipata saa chache zaidi za mwalimu. Mbunge aliyejenga shule tatu hushangiliwa. Aliyekataa kuzijenga ili moja iimarike huitwa adui wa ukoo.

Kisima nacho kina hadithi kama hiyo. Kwa mfugaji, malisho na maji huenda pamoja: mifugo huondoka mahali maji ya mvua yanapokauka, na nyasi hupata nafasi ya kuota tena. Kisima kirefu kikichimbwa bila kuwauliza wanaojua njia za mifugo, makundi hubaki pale mwaka mzima, nyasi huisha, kijiji hukua, na kijiji hicho hudai shule, zahanati na chifu wake. Jenereta likiharibika wakati wa kiangazi, watu na wanyama hujikuta mahali ambapo hapana maji wala malisho. Kisima kilikuwa rahisi kuzindua. Mtunzaji wa pampu, dizeli na vipuri havikuwa na siku ya uzinduzi.

Hapa ndipo panapojitokeza tatizo la msingi la kuwakilisha wafugaji. Eneo bunge lina mipaka kwenye ramani, lakini wananchi wake hufuata mvua. Huduma inayowafaa mara nyingi si ile inayokaa mahali pamoja: ni mwalimu anayehama nao, ni kliniki juu ya gari, ni daktari wa mifugo anayefika kabla ya ugonjwa. Huduma za aina hiyo haziwekewi jiwe la msingi.

Mfano usiosahaulika ni wa mwishoni mwa 2006. Baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika eneo la Garissa. Biashara ya mifugo ilipigwa marufuku na soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa zaidi katika Afrika Mashariki, likafungwa. Hadi kufikia Machi 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini Kenya, mbali na mifugo isiyohesabika.

Ugonjwa huo haukuwa mgeni. Ulikuwa umepiga eneo hilo hilo mwaka wa 1997 na 1998, pia baada ya mvua nyingi. Chanjo ya mifugo ilikuwepo, lakini chanjo hiyo husaidia ikitolewa kabla ya mbu kuzagaa. Kilichohitajika hakikuwa jengo. Kilihitajika kikosi cha wataalamu wa mifugo kinachojua kusoma utabiri wa mvua na chenye gari, mafuta na majokofu ya kuhifadhi chanjo. Familia iliyopoteza mifugo yake ilipoteza karo, chakula na mahari kwa pamoja.

Tangu 2013 kazi hizo zimegawanywa upya. Katiba imezipa serikali za kaunti zahanati na hospitali za kaunti, maji, barabara za kaunti, shule za chekechea na huduma za mifugo. Serikali ya kitaifa imebaki na shule za msingi na za upili, polisi na mipango mikuu. Hazina ya wabunge, iliyogeuzwa kuwa NG-CDF kwa sheria ya 2015, ilitakiwa kubaki upande wa kazi za kitaifa.

Mwananchi wa kawaida hana haja ya mgawanyo huo. Kisima kikikauka humpigia simu mbunge, kwa sababu mbunge ndiye anayemjua na ndiye aliyemwomba kura. Mbunge naye, badala ya kumweleza kuwa kisima ni cha kaunti, mara nyingi huahidi. Gavana anapofika huahidi pia. Wawili hao wakiwa mahasimu wa kisiasa, kila mmoja huchimba chake, na hakuna anayetenga fedha za kutunza kile cha zamani.

Mahakama nazo zimetikisa msingi wa mtindo huo. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya mwaka wa 2013 ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kama huo kuhusu sheria ya NG-CDF ya 2015 na kuweka Juni 30, 2026 kuwa kikomo cha hazina hiyo. Wabunge waliupinga uamuzi huo na pia wakatafuta njia ya kuiingiza hazina hiyo katika Katiba yenyewe.

Mjadala huo una hoja nzito pande zote mbili. Wanaoitetea hazina hukumbusha kwamba bila basari zake maelfu ya wanafunzi kutoka jamii za wafugaji wangeacha shule. Wanaoipinga husema mbunge hawezi kupitisha bajeti, kuitumia, kisha kujikagua. Lakini kwa mzazi wa Kamuthe, pande zote mbili zinabishana juu ya nani ashike mwiko wa kujengea. Hakuna inayomjibu kuhusu mwalimu.

Kuna hazina nyingine isiyozungumzwa sana. Kifungu cha 204 cha Katiba kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ili maeneo yaliyotengwa yapate maji, barabara, afya na umeme kwa kiwango cha sehemu nyingine za nchi. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzo kuwa zimetengwa. Miaka mingi ya awali ilipotea katika mivutano ya nani aisimamie. Huo ndio uwanja ambao wabunge 18 wakiungana wangesikika zaidi kuliko kila mmoja akihesabu madarasa yake.

Kuhusu walimu, lazima haki isemwe. Wasio wenyeji hawakuondoka kwa uvivu. Novemba 22, 2014 watu 28 waliuawa baada ya kutolewa ndani ya basi lililokuwa likitoka Mandera, na baadhi yao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kisha ikaja Kamuthe. Hakuna mtu aliye na haki ya kumlazimisha kijana wa miaka 25 kutoka mkoa mwingine arudi darasani bila ulinzi, eti kwa sababu ya uzalendo.

Lakini haki ya mtoto wa Garissa nayo haifi kwa sababu mwalimu wake ameogopa. Yeye hakualika wavamizi, na jamii yake imewazika watu wake pia. Mwalimu akiondoka, mtoto hupata alama duni. Akipata alama duni hafuzu kujiunga na chuo cha ualimu. Asipofuzu, shule yake itaendelea kutegemea mwalimu kutoka mbali, ambaye ataondoka tena risasi ikilia. Mduara huo umezunguka kwa kizazi kizima.

Mwaka wa 2011 chuo cha walimu kilichokuwa Garissa kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi. Kupata chuo kikuu cha umma kilikuwa kilio cha miaka mingi na furaha ya wakazi ilieleweka. Hata hivyo, hatua hiyo inaonyesha jinsi hadhi ya jengo inavyoweza kutangulia hitaji la huduma. Eneo lililokuwa na njaa ya walimu kuliko maeneo mengi ya Kenya lilisherehekea cheo kipya, na swali la nani sasa atawafunza walimu wa msingi likasikika kwa sauti ya chini.

Je, mbunge asiyeweza kuajiri afanye nini? Mengi, na yote yamo ndani ya uwezo wake.

Kwanza ni basari. Fedha hizo hutawanywa vipande vidogo vidogo ili kila nyumba iguswe kabla ya uchaguzi. Sehemu yake ikitengwa kwa vijana wa eneo bunge wanaosomea ualimu, uuguzi na afya ya mifugo, kwa makubaliano ya kuhudumu nyumbani kwa miaka kadhaa, miaka mitano tu ingetosha kuanza kuonyesha mavuno. Chuo cha mafunzo ya udaktari kipo Garissa mjini. Wanafunzi hawahitaji kusafirishwa mbali.

Pili ni Bunge lenyewe. Bajeti ya TSC hupitia mikononi mwa wabunge. Huko ndiko marupurupu ya mazingira magumu, idadi ya walimu wa kuajiriwa na ulinzi wa shule hujadiliwa. Mbunge anayekosa kikao cha kamati ili azindue choo cha shule amebadilisha dhahabu kwa shaba.

Tatu ni ujasiri wa kukataa. Kusema kwamba shule mpya haitajengwa hadi ile iliyopo ipate walimu wa kutosha ni kauli inayoweza kumpotezea mtu kura. Wazee wa koo wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa ndio ambao mara nyingi huamua ni nani atakayeungwa mkono. Ikiwa wana uwezo wa kukubaliana juu ya viti, wana uwezo pia wa kukubaliana kwamba vijiji vitatu vitumie shule moja iliyo bora.

Wanawake nao wasikike katika kupanga. Wao ndio wanaoteka maji na kupeleka watoto kliniki, nao ndio wanaojua zahanati ipi ina muuguzi na ipi ina popo. Ijara ilipomchagua Sophia Abdi Noor mwaka wa 2017, mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge, ilionyesha kwamba wapiga kura wa huko hawafungwi na mazoea kama inavyodhaniwa.

Mwisho ni mpiga kura. Kila baada ya miaka mitano husomewa orodha ya miradi iliyokamilika. Orodha hiyo anaweza kuijibu kwa maswali machache. Shule hii ina walimu wangapi leo? Zahanati ilifunguliwa siku ngapi mwezi uliopita? Pampu ikiharibika, nani huitwa na hufika baada ya siku ngapi? Mifugo ilichanjwa lini mara ya mwisho? Mgombea atakayejibu bila kubabaika ndiye anayelijua eneo lake.

Walimu watatu wa Kamuthe hawakujenga darasa lolote. Walikuwa wao wenyewe ndio shule, na walipouawa na wenzao kuhamishwa, kilichosalia kilikuwa mawe na mabati. Eneo lililosubiri tangu 1963 kuonwa na serikali yake lina haki ya kudai zaidi ya hayo.